Kiini, Ute na Ganda: Zoezi la Kutafsiri Hataza za Nyuzi za Mwanga

Hati ya hataza ni maandishi ya namna ya peke yake. Ndani yake fundi na mwanasheria husema kwa kinywa kimoja, na kila mmoja ana hofu yake: fundi huhofu kwamba hataeleweka, na mwanasheria huhofu kwamba ataeleweka kwa namna isiyomfaa mteja wake. Sehemu ya mwisho ya hati hiyo, iitwayo madai, ndiyo yenye nguvu ya sheria. Yaliyotangulia ni maelezo tu, hata yawe marefu kiasi gani. Neno moja likipotoka katika madai, mpaka wa haki ya mvumbuzi umehama, kama jiwe la mpaka wa shamba linavyohamishwa usiku, na mwenye shamba asijue hadi siku ya kesi.

Makala haya yanahakiki tafsiri za majaribio za hataza mbili za Marekani zilizofanywa na kikundi kidogo cha wafasiri na walimu wa fizikia, mwandishi akiwa mmoja wao. Hataza hizo ni za wataalamu wa kampuni ya vioo ya Corning, katika jimbo la New York. Ya kwanza, namba 3,659,915, ilitolewa mwezi Mei 1972 kwa Robert Maurer na Peter Schultz. Ya pili, namba 3,711,262, ilitolewa mwezi Januari 1973 kwa Donald Keck na huyo huyo Schultz. Zote mbili zimekwisha muda wake zamani, hivyo makosa yetu hayamdhuru mtu. Lakini vitu vinavyoelezwa humo vimelala leo chini ya ardhi yetu na chini ya bahari yetu, tangu nyaya za SEACOM zilipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na za EASSy zikafuata mwaka 2010. Tena mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 iliandikwa kwa Kiingereza, na waliokuwa wakibishana juu yake waliweza kubishana kwa Kiingereza. Haitakuwa ajabu hakimu wetu akisomewa kesho dai la hataza kwa Kiswahili na akatakiwa kuamua nani kamwibia nani. Siku hiyo istilahi zetu hazitapimwa kwa uzuri wa sauti yake.

Kabla ya kuingia katika maneno, yafaa tukumbushane jambo lenyewe. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za simu huko Harlow, Uingereza, alitoa pamoja na George Hockham hoja kwamba mwanga ungeweza kubeba mazungumzo ya simu ndani ya unyuzi wa kioo, iwapo tu ufifiaji wake ungeshuka chini ya desibeli 20 kwa kilometa. Desibeli 20 maana yake ni kwamba baada ya kilometa moja hubaki sehemu moja katika mia ya mwanga ulioingia. Hilo laonekana kuwa hasara kubwa, lakini vioo vizuri vya wakati ule vilikuwa na ufifiaji wa desibeli kama 1,000 kwa kilometa, yaani hata chembe ya mwanga isingefika. Kao alisema kwamba kosa si la kioo chenyewe bali la uchafu uliomo, hasa chembe za chuma. Wataalamu wa Corning waliacha vioo vya kawaida, wakatumia silika iliyoyeyushwa, na mwaka 1970 Keck akapima unyuzi wao na kupata desibeli 17. Leo unyuzi wa kawaida hupoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilometa. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Wale watatu wa Corning ndio waliopewa hataza. Na hapa pana tofauti ambayo Kiswahili chetu hukichanganya mara kwa mara: sheria hutoa hataza kwa uvumbuzi, haitoi kwa ugunduzi. Kutambua kwamba uchafu ndio unaoua mwanga ni kugundua. Kutengeneza unyuzi usioua mwanga ni kuvumbua. Magazeti yetu hutumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha. Mfasiri wa sheria hana ruhusa hiyo.

Sasa tuje kwenye dai la kwanza la hataza ya Maurer na Schultz. Kwa kifupi lasema hivi: kuna kitu chenye tabaka la nje lililofanywa kwa silika tupu au silika iliyotiwa dutu nyingine, na chenye sehemu ya kati iliyofanywa kwa silika iliyotiwa dutu hiyo kwa kiasi kinachozidi kile cha tabaka la nje, ili sehemu ya kati iupinde mwanga zaidi kuliko tabaka la nje, na silika katika sehemu hiyo ya kati isipungue asilimia 85 kwa uzito. Ni sentensi moja tu, ndefu. Mmoja wa wenzetu, mfasiri hodari ambaye tafsiri zake za barua za serikali hazina mfano, aliianza hivi: “Unyuzi wa kioo wenye ganda na kiini, ambao kiini chake kimetiwa uchafu mwingi kuliko ganda lake...” Inasomeka vizuri. Ukiwapa wasomaji kumi, tisa watasema wameelewa. Hata hivyo katika maneno yake kumi na mawili ya kwanza mvumbuzi amekwisha kunyang’anywa mali yake mara mbili.

Mara ya kwanza ni katika jina la kitu chenyewe. Hati ya Kiingereza haikusema “unyuzi wa kioo”. Ilitumia neno lililoundwa kwa kuunganisha wimbi na kiongozi, likafuatana na sifa ya mwanga. Mwenzetu aliliona neno hilo kuwa mapambo ya kitaalamu, akalirahisisha ili msomaji asichoke. Lakini nyuzi za kioo zenye sehemu ya kati na tabaka la nje zilikuwako kabla ya Corning: mnamo mwaka 1956 Lawrence Curtiss alizitengeneza katika Chuo Kikuu cha Michigan kwa ajili ya chombo cha daktari cha kuchungulia tumbo la mgonjwa. Kama dai linahusu unyuzi wowote wa kioo, basi mshindani atasema kitu hiki si kipya, na hataza itavunjika.

Jambo hili si la kubuni. Kampuni ya Corning iliishtaki kampuni ya Sumitomo Electric ya Japani huko Marekani; mahakama ya New York ikatoa hukumu mwaka 1987, na mahakama ya rufani ikaithibitisha mwaka 1989. Moja ya maswali lilikuwa hili hasa: je, yale maneno ya mwanzo ya dai, yanayotaja jina la kitu, ni sehemu ya dai au ni salamu tu kabla ya mazungumzo? Mahakama iliamua kwamba ni sehemu ya dai. Jina lile, ikifafanuliwa kwa maelezo ya hati, lilimaanisha unyuzi ambao upana wa sehemu yake ya kati na tofauti ya upindaji wa mwanga vimekokotolewa ili upitishe modi zilizochaguliwa za mwanga kwa mawasiliano ya mbali. Unyuzi wa daktari haukuwa hivyo. Yaani hataza iliponea katika neno ambalo mwenzetu alilitupa kwa huruma ya msomaji.

Kikundi kilikubaliana, baada ya ubishi mfupi, juu ya “kiongoza-mawimbi ya mwanga”. Si neno tamu. Wapo watakaosema kwamba linanuka Kiingereza, na hawakosei sana. Lakini Kiswahili kina mazoea ya kuunda majina ya vyombo kwa kitenzi na yambwa yake: kifungua mlango, kipimajoto, kinasasauti. Kiongoza-mawimbi kimo katika safu hiyo hiyo, na mtu asiyejua fizikia akilisikia atajua angalau kwamba kitu hiki kina kazi ya kuongoza, hakikai tu kama uzi katika nguo. “Unyuzi wa mwanga” libaki kuwa jina la jumla, kwa mwalimu na kwa gazeti. Fundi wa mtaani ataendelea kusema “faiba”, na hakuna baraza litakalomzuia, wala halina haja ya kumzuia. Yeye haandiki madai.

Kosa la pili ni “uchafu”, na hili lastahili tukae nalo, kwa kuwa ndipo tulipojifunza zaidi. Wataalamu wa elektroniki huitia silika, au kioo, au kipande cha silikoni, kiasi kidogo cha dutu nyingine ili kuibadili tabia. Vitabu vingi vya Kiingereza, vikieleza jambo hili kwa wanafunzi, huiita dutu hiyo kwa neno linalomaanisha kitu kisicho safi, na bila shaka mwenzetu alilitoa huko. Lakini hebu msomaji akumbuke alichosema Kao: uchafu ndio adui. Kazi yote ya Corning ilikuwa kuondoa uchafu hadi kioo kikawa safi kuliko kioo chochote kilichopata kutengenezwa, na kisha, kwa makusudi na kwa kipimo, kutia titani ndani yake. Ukiita vitu hivi viwili kwa neno moja, umeandika kwamba wavumbuzi walisafisha kioo ili wapate kukichafua. Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini hawakukiacha tu kama kilivyokuwa.

Mwalimu mmoja wa fizikia alipendekeza “kiungo”, kwa mfano wa viungo vya pilau: kidogo tu, na ladha yote hubadilika. Mfano ni mzuri darasani, nami nitautumia. Ila katika kazi ya nyuzi kuna kazi nyingine, ya kuunga unyuzi na unyuzi, na mahali pale palipoungwa fundi hupaita kiungo. Hati moja yenye “kiungo cha kiini” na “kiungo cha unyuzi” italeta matatizo kabla ya ukurasa wa pili.

Hapo mwandishi wa makala haya naye akatoa pendekezo lake, na wajibu unamlazimu kuliandika pamoja na aibu yake. Nalipendekeza “kikolezo”. Kukoleza chumvi, kukoleza rangi, kukoleza moto: kitenzi hai, kila mtu anacho, na umbo lake la nomino ni la kawaida. Kikundi kilinipigia makofi. Tuliandika “kikolezo” katika rasimu nzima na tukaenda kunywa chai. Tulirejea kwa bahati tu, pale mmoja wetu alipotaka kujua Sumitomo walishtakiwa kwa kufanya nini hasa.

Walichofanya ni hiki. Dai la Corning lilisema sehemu ya kati itiwe dutu ili upindaji wake wa mwanga upande. Katika aina mojawapo ya nyuzi zao, Sumitomo waliiacha sehemu ya kati silika tupu, wakatia florini katika tabaka la nje. Florini haipandishi upindaji wa mwanga, huushusha. Kwa hiyo sehemu ya kati ilibaki juu kuliko tabaka la nje, sawasawa na ilivyotakiwa, bila ya kutiwa kitu. Ni sawa na watu wawili wanaotaka kusimama kwa urefu usiolingana: mmoja apande kigoda, au mwingine aingie shimoni. Kwa herufi za dai, Sumitomo hawakugusa kilichodaiwa, kwa sababu sehemu yao ya kati haikuwa na dutu yoyote. Mahakama ilisema hata hivyo kwamba kutia cha kushusha upande huu ni sawa na kutia cha kupandisha upande ule: kazi ni ile ile, njia ni ile ile kwa maana yake, na matokeo ni yale yale. Corning wakashinda.

Sasa soma tena hukumu hiyo kwa Kiswahili chetu chenye “kikolezo”. Kukoleza ni kuzidisha. Hakuna Mswahili anayekoleza mchuzi ili upungue ladha. Neno lingekuwa limekwisha kuamua, ndani ya tumbo lake, kwamba dutu inayotajwa ni ile ya kuongeza tu, na florini ya Sumitomo isingekuwa kikolezo hata kidogo. Wakili wa Sumitomo angesimama mbele ya hakimu wa Kiswahili akiwa na kamusi mkononi, na angekuwa na haki. Yaani mimi, kwa kutafuta neno tamu, nilikuwa nimewapa ushindi walioshindwa. Tulirudi kwenye kitenzi kikavu kabisa, kutia, ambacho hakisemi kama kinachotiwa chaongeza au chapunguza, tukapata “kitiwa”, wingi “vitiwa”. Silika iliyotiwa, kitiwa cha kupandisha, kitiwa cha kushusha. Sioni uzuri wowote katika neno hilo, na silibadilishi.

Juu ya sehemu zenyewe za unyuzi pana furaha zaidi. Unyuzi uliokamilika una sehemu tatu ukiukata: sehemu ya kati inayopita mwanga, ambayo katika nyuzi za masafa marefu ina upana wa mikrometa 8 hadi 10 tu, tabaka la kioo linaloizunguka, hadi upana wa mikrometa 125, na juu yake mpako wa plastiki wa kulinda kioo, hadi mikrometa 250 hivi. Unywele wa mtu ni karibu na hilo tabaka la pili. Sehemu ya kati haina tatizo: ni kiini. Tatizo ni la pili. Tafsiri yetu ya kwanza iliita tabaka hilo “ganda”, nyingine “ala”, nyingine “koti”. Maneno haya yote yana kosa moja. Ganda humenywa, kisu huchomolewa alani, koti huvuliwa. Lakini tabaka hilo la kioo halitoki. Limeshikana na kiini kwa moto, na ni mpaka wao ndio unaourudisha mwanga ndani kila unapotaka kutoroka. Fundi anayetayarisha unyuzi ili auunge huanza kwa kuubambua kitu fulani, nacho ni mpako wa plastiki. Ukimpa maagizo yasemayo “ondoa ganda” wakati kamusi yake inasema ganda ni lile tabaka la kioo, umemwagiza afanye lisilowezekana. Naye, akiwa mtu wa busara, ataacha kuyasoma maagizo ya Kiswahili tangu siku hiyo.

Mwalimu mwingine, wa shule ya msingi, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote, akasema: hilo ni yai. Kiini kati, ute ukikizunguka, ganda nje. Na ganda peke yake ndilo linalobanduliwa. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Najua pingamizi zitakazoletwa. Ute ni majimaji, na silika ni ngumu. Ute ni neno lenye harufu ya kitandani kwa mgonjwa. Ni kweli. Lakini istilahi huazima umbo la kitu na kuacha mengine. Kiini cha yai nacho ni majimaji, na hakuna aliyelalamika. Faida ya yai ni kwamba maneno matatu yanakuja pamoja, kila moja likishika nafasi ya mwenzake, na mwanafunzi aliyekwisha kupasua yai la kuchemsha hahitaji mchoro. Nimeyatumia katika kichwa cha makala haya nikijua kwamba yatapingwa katika vikao. Napenda yapingwe kwa hoja ya yai, si kwa hoja kwamba yanachekesha.

Hataza ya pili, ya Keck na Schultz, inahusu namna ya kutengeneza, na ina maneno machache ya kusumbua. Walichukua mrija wa kioo, wakaupaka ndani yake utando wa kioo kilichotiwa, kisha wakaupasha moto na kuuvuta hadi tundu la kati likajifunga, ukawa unyuzi imara. Mfasiri mmoja aliandika “kuusokota”. Nadhani aliongozwa na kamba za makumbi. Makumbi husokotwa kwa sababu ni vipande vifupi vinavyohitaji kushikana. Kioo hakisokotwi, huvutwa. Neno ni kuvuta, na halina haja ya kuongezewa kitu.

Nakuja sasa kwenye kifaa kinachokaa mwishoni mwa unyuzi, ambacho wafasiri wengi wameniandikia juu yake. Ni kisanduku kidogo, mara nyingi kisichozidi kidole gumba kwa urefu, chenye diodi ya leza ya kutuma mwanga na diodi nyingine ya kuupokea. Waingereza walilipata jina lake kwa kukata kichwa cha neno la kutuma na kukipandikiza juu ya mkia wa neno la kupokea. Upasuaji wa namna hiyo hauna mizizi kwetu, na majaribio ya kuuiga yametoa viumbe ambavyo sitavitaja kwa heshima ya waliovizaa.

Lakini hata kabla ya kuunganisha, nusu ya kwanza ina kasoro. Wengi huandika “kisambazaji” kwa kile chenye kutuma, kwa kufuata redio. Redio husambaza kweli: wimbi huenda pande zote, na mwenye kutaka hulidaka. Unyuzi hufanya kinyume. Unabana mwanga usiende popote ila kule unakotakiwa. Tena kusambaa kwa mwanga ndani ya kioo, chembe ndogo zikiutawanya huku na huko, ni moja ya sababu kuu za ufifiaji. Fundi akisoma kwamba kifaa chake ni “kisambazaji cha mwanga” katika ukurasa ule ule unaomwambia kwamba usambaaji wa mwanga ndio hasara, atadhani kampuni imemuuzia kifaa kibovu. Kutuma kunatosha: kitumi na kipokezi.

Kwa jina la jumla napendekeza “kitumapokezi”, na naona mwenyewe kwamba halijakaa sawa. Afadhali tuangalie linahusu nini. Alexander Graham Bell, mwaka 1880, alipata hataza namba 235,199 ya simu ya mwanga aliyoitengeneza pamoja na Charles Sumner Tainter. Msemaji alisema mbele ya kioo chembamba cha kujitazamia. Kioo kikatetemeka kwa sauti na kuutetemesha mwanga wa jua uliokiangukia. Na mbali, kama meta 213 katika jaribio lao mashuhuri, selini iliyounganishwa na simu ikarudisha mwanga kuwa sauti. Bell alikithamini kifaa hicho kuliko simu yenyewe. Humo kitumi na kipokezi vilikuwa vitu viwili mbalimbali, kila kimoja upande wake, na hakuna aliyehitaji jina la pamoja. Katika kisanduku cha leo ni vitu viwili bado, ila vimepangishwa nyumba moja. Jina ni la nyumba. Kuna hali ya tatu: Mmarekani Forrest Mims alionyesha kwamba diodi itoayo mwanga yaweza pia kuupokea, hivyo kipande kimoja kikafanya kazi zote mbili kwa zamu. Dai la hataza likitaja kifaa “chenye kitumi na kipokezi”, je, diodi ya namna hii imo au haimo? Kwa Kiingereza swali hilo laweza kubishaniwa. Mfasiri asilijibu kwa niaba ya mahakama. Ndiyo maana katika madai napendelea kuandika “kifaa cha kutuma na kupokea mwanga”, maneno sita, ambayo hayasemi ni vipande vingapi vimo ndani. “Kitumapokezi” liachiwe orodha za bei na lebo za masanduku, ambako ufupi una thamani.

Neno “mkongo”, ambalo limeenea tangu Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza kujengwa, sina ugomvi nalo, ilimradi lishike mahali pake. Ni jina la njia kuu nzima. Mkongo mmoja una nyuzi nyingi ndani yake, na mwenye kuandika “mkongo umekatika” akimaanisha unyuzi mmoja atawatia hofu wakuu wa mikoa bure.

Limebaki moja, na kwangu ni zito kuliko hataza zote. Katika chumba cha mitambo cha ofisi moja niliyoitembelea palikuwa na tangazo la Kiswahili lililobandikwa juu ya rafu ya vifaa hivi: “Usitazame mwanga ndani ya waya.” Nilimwuliza kijana aliyekuwa zamu kama analifuata. Alinijibu kwa adabu: “Shikamoo mzee, lakini ndani ya waya hizi hakuna mwanga. Mimi hutazama kwanza. Nikiona giza najua ni salama.” Umri wangu haujafikia kuitwa mzee, lakini hilo silo lililonishtua. Leza za masafa marefu hutumia mawimbi ya nanometa 1,310 na 1,550, ambayo jicho la mtu haliyaoni hata kidogo. Giza lile si dalili ya usalama. Na waya si waya, ni kioo, kwa hiyo hata ukumbusho kwamba vipande vyake vilivyokatwa huchoma ngozi na macho umepotea. Mfasiri wa tangazo lile alitafsiri kila neno sawasawa, isipokuwa hakujua kwamba kwa Mswahili mwanga ni kile kinachoonekana.

Niliomba karatasi, tukaandika pamoja na kijana yule: “Hatari. Mionzi ya leza isiyoonekana. Usielekeze jicho kwenye ncha ya unyuzi, hata ikiwa giza.” Alisoma mara mbili, akauliza mionzi isiyoonekana inajulikanaje. Nilimwambia kuna kipimo chake, naye akakitoa kabatini, kikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki.